Kiwanja Mbele ya Mlango wa Mkwe

Isidore alikuja kuniambia habari ile akiwa na vumbi la barabara mpaka kwenye nyusi, na munyororo wa kupimia viwanja ungali begani. Nilikuwa nyuma ya nyumba yetu hapo Baraka, nikianika mihogo juu ya mkeka. Alisimama nje ya uzio, mahali ambapo matete mawili yalikuwa yamelegea. Mimi ndiye niliyeyalegeza, miezi miwili kabla, na jambo hilo sijaliungama hata kwa padri.

"Anastasie," aliita kwa sauti ya chini.

"Niko."

"Bamenipa nimero."

Sikuinua kichwa. Niligeuza kipande cha muhogo ambacho kilikuwa kimekwisha kugeuzwa.

"Nimero ngapi?"

"Kumi na ine."

Ndipo nilipoinua kichwa. Nyumba yetu ilikuwa namba kumi na tatu. Mwaka ule wa 1956 serikali ya wazungu ilikuwa ikikata viwanja kando ya barabara iendayo Fizi, safu mbili zinazotazamana: kumi na moja ikitazama kumi na mbili, kumi na tatu ikitazama kumi na nne. Kati ya mlango wetu na kigingi chake ilikuwa barabara tu.

"Ni karani alikuchagulia?" niliuliza.

"Karani aliniuliza: we umeshika munyororo miezi mitano, unataka kukaa wapi? Nikamujibu, mahali jua linapiga asubuhi."

"Jua linapiga kila mahali."

"Linapiga kila mahali," alisema, "lakini si kila mahali linapiga juu yako."

Alisema hivyo bila kutabasamu, kama mtu anayesoma kipimo. Ndivyo alivyokuwa. Maneno mazuri aliyatoa kwa sauti ileile aliyotumia kusema mita ishirini, mita ishirini na mbili, na mimi nilikuwa nikiyasikia usoni kabla ya kuyasikia masikioni. Niliinamia mihogo yangu. Kupitia matete nilijua ananitazama shingoni, na sikuivuta kanga nijifunike.

"Mpaka siku ya ndoa," aliendelea, "kila asubuhi nikifungua mulango nitakuona unafagia. Miezi ine ama mitano hivi. Itanitosha."

"Na barua?" niliuliza.

Uso wake ukabadilika. Nilijuta kuuliza, lakini ilibidi, kwa sababu barua ile ilikuwa yetu sote wawili, na ndiyo iliyotukutanisha.

Sheria ya viwanja ilisema hivi: barabarani ni matofali na mabati. Nyumba za nyasi zilizokuwa ufukweni mwa ziwa, thelathini na moja kwa jumla, zihamie ng'ambo ya kinamasi, ambako hapakuwa na barabara wala dispensari, na ambako kamyo ya kupeleka watu na samaki Fizi isingefika. Walikuwa wavuvi, wajane waliokausha ndakala, yaani dagaa wa ziwani, Babembe kama sisi, na zile familia za Waislamu zilizokaa ufukweni tangu babu zao. Isidore ndiye aliyetumwa kukipima kinamasi. Alirudi akiwa na matope, akatuonyesha kwa mkono mbele ya kanisa: "Maji yalinifika hapa," akagusa kifua, "na mi ni murefu. Bamama watapita hapo na beseni ya ndakala juu ya kichwa?" Juma lile akamwandikia afisa wa viwanja barua ya kuomba watu wa nyasi wasihamishwe. Alitafuta mtu mwenye mwandiko mzuri wa kuandika majina kando ya alama za vidole gumba, na masista wakamtajia mimi. Siku tisa tulipita nyumba hadi nyumba. Yeye alishika kidau cha wino, mimi nilishika karatasi, na shangazi yangu alitufuata nyuma kulinda jina la baba. Kufika nyumba ya ishirini nilikuwa nimekwisha kujua kwamba mtu huyu nitaolewa naye ama sitaolewa.

Afisa wa viwanja alijibu. Alisema viwanja sita vya barabarani vinaweza kupewa watu wa nyasi, nao wasimamishe kuta za matofali kabla ya viangazi viwili kupita. Lakini aliweka masharti. Mwenye namba akubali kwa hiari kubadilishana na mtu wa nyasi, na jirani anayetazamana na kiwanja hicho aweke sahihi kwamba hana neno. Siku ya mwisho ilikuwa Jumatatu. Siku ile ilikuwa Ijumaa, na hakuna hata mmoja aliyejitolea.

"Leo nilikuwa kwa Ramazani, ule muvuvi," Isidore alisema. "Nikamwambia tusikate tamaa. Unajua alinijibu nini? 'We unaomba bantu batoe viwanja vyao. Na yako iko wapi?'"

"Ukamujibu nini?"

"Nilikunja munyororo."

"Isidore, juu ya nini usitoe yako?"

Aliyashika yale matete mawili, moja kila mkono.

"Sababu baba yako alisema binti yake hatakaa mahali kamyo haifiki. Alisema mbele ya mujomba wangu. Nikitoa nimero kumi na ine naenda ng'ambo ya kinamasi, na nikienda ng'ambo ya kinamasi, nakukosa. Ningetoa mukono, Anastasie. Wewe siwezi kukutoa."

Hapo shangazi Godelieve alitoka jikoni na mwiko wa ugali mkononi. Alikuwa dada mkubwa wa baba, mnene, mcheshi, na masikio yake yalisikia mpaka sokoni.

"We bwana wa munyororo," alisema.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nasikia asubuhi utafungua mulango utaona Anastasie."

Isidore alitazama chini. "Ndiyo, shangazi."

"Muzuri. Na siku umemuoa, Anastasie atalala wapi?"

"Kwangu, shangazi."

"Kwako. Ndiyo nauliza sasa. Asubuhi hiyo unafungua mulango. Anastasie iko nyuma yako anawasha moto. Mbele yako unaona nani?"

Isidore aligeuza macho kuelekea barabarani.

"Unaona mama yake," shangazi alisema polepole, "anatoka kutupa majivu, kitenge moja kifuani, hajanawa uso. Kila siku. Mpaka Mungu aite mumoja wenu."

Ndani ya nyumba kitu kilianguka. Mama yangu alikuwa amesikia. Tangu Pasaka, mbuzi wa kwanza wa mahari walipopokelewa, mama Suzanne hakuwa tena mtu wa kuonekana na Isidore. Kwetu mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mmoja huingia katika majani. Akisikia sauti yake nje, mama alijifunika kichwa kwa ungo, kitambaa, chochote kilichokuwa karibu. Siku ile nadhani ilikuwa sufuria.

Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. Isidore alikuwa amegeuka rangi ya vumbi lililomfunika.

"Sikufikiria," alisema.

"Mimi pia," nilisema.

Na ni kweli. Kule kwao Lubondja, na hata kwetu zamani, wazee ndio waliosema nani ajenge wapi, na mkwe aliwekwa upande ambao mlango wake hauwezi kumwaibisha mtu. Hakuna kijana aliyepata kufikiri juu ya jambo hilo, kama mtu asivyofikiri juu ya kupumua. Lakini karatasi ya muzungu ilikuwa na mistari tu, na mistari haina ukwe. Isidore aliyepima barabara nzima bila kukosea hata kidole, alikosea hapo.

"Jumapili mujomba wako anakuja," shangazi alisema akipangusa macho. "Kaka yangu atasikia hii habari mbele ya Jumapili, sababu mi siwezi kuifunga katika tumbo. Kaa tayari, kijana."

*

Baba yangu, Eugène Asukulu, alikuwa mpima pamba. Kila kikapu cha pamba kilicholimwa kutoka Makobola mpaka kwetu alikuwa amekitundika kwenye mzani wake, na alizoea kwamba neno lake likitoka, halirudi. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali, na mabati yake aliyahesabu kwa macho kila alipoingia. Alikuwa mtu mwema. Alikuwa pia mtu aliyezaliwa katika nyasi, na sidhani alipenda kukumbushwa.

Jumapili baada ya misa walikaa barazani. Baba kwenye kiti cha kukunja, shangazi Godelieve kwenye mkeka, na mbele yao, kwenye benchi, Isidore na mjomba wake Fabien, aliyekuja kwa miguu kutoka Lubondja na kofia yake ya kwendea misheni. Mama alikuwa nyuma ya pazia la mlango. Tuliona vidole vya miguu yake chini ya kitambaa. Mimi nilikaa karibu na mtungi, mahali pa msichana anayezungumziwa.

"Mwenzangu Fabien," baba alianza, "mbuzi zako tumekula. Zilikuwa nono."

"Zilikula majani muzuri," mjomba alijibu.

"Lakini mutoto wako anataka kuniletea haya katika nyumba."

"Tumesikia. Tumecheka njia yote, baba, na tumelia pia. Kijana ni fundi wa munyororo, hajakuwa fundi wa mama mukwe."

Shangazi alikohoa kuficha kicheko. Baba hakucheka.

"Abadilishe nimero."

Isidore aliinuka kusema. Alivua kofia. "Baba, nilienda kwa karani jana. Nimero zote za barabara zimeandikwa na kupigwa muhuri. Kubadilishana kumebaki kwa njia moja tu, ya ile barua."

"Barua ya nyasi."

"Ndiyo, baba. Nikitoa kumi na ine, napata ng'ambo ya kinamasi."

"Kwa vyura."

"Kwa vyura, baba."

"Basi haiko neno la kusema." Baba aliweka mikono juu ya magoti. "Ukikaa kumi na ine, muke wangu hatatoka katika nyumba yake mwenyewe. Ukienda ng'ambo, binti yangu atakaa mahali kamyo haifiki. Akishikwa na uchungu wa uzazi, mutamubeba na nini? Mi nilizaliwa mahali kama hapo. Mama yangu alikufa mahali kama hapo. Fabien, utanisamehe. Mbuzi nitarudisha zingine, za umri uleule."

Pazia lilitikisika. Mjomba Fabien alizungusha kofia mkononi. Nilimtazama Isidore, naye, kwa mara ya kwanza mbele ya baba yangu, alinitazama wazi. Hakukuwa na ombi katika macho yale. Yalikuwa macho ya mtu anayejitahidi kukumbuka sura vizuri kabla ya safari ndefu. Nikajua kwamba nikinyamaza sasa nitanyamaza maisha yangu yote.

"Ngoja," shangazi Godelieve alisema. "Kaka, huwezi kurudisha mbuzi mbele ya kuuliza mutoto. Sisi tunauliza mutoto. Hata wewe, kwa Suzanne, tuliuliza."

"Muulize basi," baba alisema.

Shangazi alinigeukia. Hakuwa akicheka tena.

"Anastasie. Hawa bantu wa Lubondja, unabajua?"

"Nabajua, shangazi."

"Mbuzi zao tule ama turudishe?"

Msichana hujibu neno moja hapo. Hufunika uso, husema "kuleni", na watu hupiga vigelegele. Mimi sikufunika uso.

"Kuleni," nilisema. "Lakini nimero kumi na ine apewe mama Siti."

Mama Siti alikuwa mjane wa ufukweni, Mwislamu, mkausha ndakala. Jina lake lilikuwa la kwanza kwenye barua kwa sababu nyumba yake ndiyo ilikuwa ya kwanza tulikobisha hodi. Wala hakuwa na mtu wa kumsemea.

"Unasema nini wewe?" baba aliuliza.

"Nasema Isidore abadilishane na mama Siti. Yeye akae kumi na ine, sisi twende ng'ambo. Mama atafungua mulango yake bila haya, sababu mama Siti si mukwe wa muntu hapa. Na baba utaweka sahihi, sababu ni wewe unatazamana naye."

"Mi niweke sahihi nyasi ikae mbele ya mabati yangu?"

"Viangazi viwili tu, baba. Halafu ni matofali."

"Moto haungoji viangazi viwili. Cheche moja ikiruka—"

"Kutoka mulango wenu mpaka mulango wake," Isidore alisema taratibu, "ni mita ishirini na sita. Nilipima mara mbili. Nyasi ya mama Siti ikiwaka, baba, itakuwa majivu kabla cheche haijafika katikati ya barabara. Na bati haiwaki."

"Na kamyo? We umesema unampenda binti yangu, unamupeleka mahali kamyo haifiki?"

Hapo Isidore hakuwa na kipimo cha kutoa. Mimi ndiye niliyejibu, na hata leo nashangaa sauti ile ilitoka wapi.

"Baba, kamyo haifiki huko sababu huko hakuna muntu anajua kuiita. Barua ya kwanza ilisema nyumba. Ya pili itasema tuta la barabara katika kinamasi, na kamyo isimame ng'ambo siku za soko. Atakayeandika atakuwa anakaa hukohuko, na munyororo yake iko pale mulangoni. Afisa akiuliza ni mita ngapi, atajibiwa siku ileile. Bakikaa huko bavuvi peke yao, hawataulizwa miaka kumi."

"Na harufu?" baba alisema, lakini sasa alisema kama mtu anayetafuta mahali pa kuegemea. "Ndakala itakauka mbele ya mulango yangu asubuhi mpaka jioni. Wageni wangu watasema nini?"

Ndipo pazia liliposema.

Mama hakusema na baba, maana Isidore alikuwa hapo. Hakusema na Isidore, maana haiwezekani. Alisema na shangazi, kwa sauti ya mtu anayeongea na jirani kisimani.

"Godelieve."

"Nakusikia, wifi."

"Muambie kaka yako kwamba harufu ya ndakala nimeizoea. Anazikula kila siku, na bado hajanusa. Lakini haya ya mukwe mbele ya mulango, mi siwezi kuizoea. Muambie tena, Siti alinipa moto wa kuwasha siku ya kwanza nilifika hapa Baraka, mi bibi arusi sijui muntu. Kama anaweza kutazama mabati yake na kusahau moto huo, mi siwezi."

Shangazi alimgeukia baba. "Umesikia ama nirudie?"

Mjomba Fabien aliweka kofia usoni. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Barabarani mbuzi walipita, wakafuatwa na mwanamke mwenye mzigo wa kuni. Baba aliwafuata kwa macho, kisha akamtazama Isidore.

"Kijana. Hizi vigingi zote za barabara, nani alizipanda?"

"Ni mimi, baba."

"Kila moja?"

"Kila moja."

"Na utaiacha barabara yote uende kulala kwa vyura."

"Vigingi za ng'ambo pia nilizipanda kwa mukono huuhuu," Isidore alisema. "Mtu asipande kigingi mahali pa bengine ambapo yeye mwenyewe hawezi kulala. Nilipaswa kusema hivyo Ijumaa, kwa Ramazani. Niliogopa kumukosa binti yako. Nakuomba radhi kwa woga huo, baba. Kwa lingine sina la kuomba."

Sijui kama msomaji amepata kumwona mtu anayempenda akiwa mkubwa mbele ya watu. Si ukubwa wa kelele. Isidore alikuwa amesimama na kofia mkononi, shati lake limeshonwa bega kwa uzi wa rangi nyingine, na mimi nilitamani Baraka yote ipite barazani petu dakika ile imwone. Ameondoka duniani sasa, na katika yote aliyoniachia, mara nyingi ninachokitoa na kukitazama ni kile kimo chake cha Jumapili ile.

Baba alitia mkono mfukoni. Alitoa penseli yake ya zambarau, ile ya kuandikia magunia ya pamba, akailamba ncha.

"Lete karatasi," alisema. "Na wewe Anastasie, ukiumwa na mbu huko, usije kulia hapa."

"Sitakuja, baba."

"Utakuja," shangazi alisema. "Lakini hutalia."

Baba aliandika jina lake lote, kubwa, kama alivyoliandika kwenye magunia. Kisha shangazi akapiga kigelegele, na nyuma ya pazia mama akamjibu.

*

Niliwasindikiza mpaka mwisho wa uzio. Mjomba Fabien alitangulia, akisema ana haraka, akaenda hatua kumi akasimama kutazama mti usio na kitu cha kutazamwa. Alikuwa mzee mwenye adabu.

"Asubuhi sitakuona ukifagia," Isidore alisema.

"Utanisikia. Mama anasema nikifagia kunasikika mpaka Fizi."

"Anastasie. Niambie kweli. Hukusema hivyo sababu ya huruma?"

"Huruma ya nani?"

"Yangu. Ulijua nimefungwa."

Nilimtazama. Hapakuwa na matete kati yetu safari ile.

"Ijumaa ulisema ungetoa mukono, mimi huwezi kunitoa. Nilikaa na neno hilo siku mbili. Lilikuwa tamu, Isidore. Lakini nilifikiria mama Siti katika maji mpaka kifuani na beseni kichwani, na mi niko barabarani nafagia, unanitazama. Nikaona utamu ule utaoza. Mi nataka muntu nilipita naye zile nyumba thelathini na moja. Ule wa kunitazama tu kutoka mulango wa mbele, simujui."

Alinyoosha mkono, akaondoa unga wa muhogo uliokuwa umekauka kwenye kiwiko changu, akakawia pale zaidi kidogo kuliko unga ulivyohitaji.

"Ng'ambo," alisema, "nitapanda vigingi za nyumba yetu mahali pa juu. Nilipaona siku nilipima. Kutoka pale unaona ziwa lote."

"Na mulango?"

"Mulango utatazama ziwa. Ziwa halina mama."

Mjomba aligeuka kwa kicheko changu, kisha akageukia tena mti wake.

*

Penseli ile ya zambarau ilifanya kazi ambayo siku tisa za wino hazikufanya. Kufika Jumatatu saa sita, watu watano wengine wenye namba walikuwa wamejitokeza kubadilishana, na wanaotazamana nao waliweka sahihi, kwa sababu kama mpima pamba ameona sawa, nani atasema mzani umekosea? Ramazani naye alipata namba ishirini na mbili. Alikuja mwenyewe kwa Isidore, akamshika mkono, akamwachia samaki mkubwa mlangoni. Nyumba sita katika thelathini na moja. Jioni ile Isidore alianza kuandika barua ya pili, na mimi ndiye niliyemsomea hesabu ya ishirini na tano zilizobaki.

Jumamosi walihamisha nyumba ya mama Siti. Kwetu nyumba ya nyasi haibomolewi paa. Kuta huachwa, lakini paa likiwa zima huinuliwa na wanaume ishirini, huingia chini yake, hulibeba vichwani na mabegani, na hutembea nalo. Ukiwa mbali unaona kilima cha nyasi kinakuja barabarani kwa miguu ya watu.

Mama Siti alitangulia akiwa na kuku kwapani na sufuria kichwani. Baraka yote ilikuwa imejipanga kando ya barabara. Hakuna nyumba ya nyasi iliyokuwa imepata kupita pale ikielekea kukaa. Zote zilikuwa zikipita kuondoka.

"Punguzeni mwendo," mama Siti aliwaambia waliobeba. "Mi nimengoja muda murefu, sitaki kufika kwa haraka."

"Mama Siti, paa lako iko na panya," sauti ilitoka chini ya nyasi.

"Hao ni wapangaji wangu. Bako na nimero yao."

Watu walicheka mpaka mwisho wa safu. Mimi nilikuwa mbele ya nyumba yetu. Mama alitoka, akasimama kando yangu, kitambaa mkononi tayari kujifunika, kwa sababu alijua mkwe wake yuko mahali fulani katika umati ule. Alitazama kulia, akatazama kushoto.

"Iko wapi?" aliniuliza kwa kunong'ona.

"Nani, mama?"

"Usinichezee. Ule nisiyemutaja."

Paa lilikuwa limefika mbele yetu. Chini ya nyasi ilionekana miguu arobaini tu, hakuna uso hata mmoja. Nilinyoosha kidole.

"Ule wa tatu mbele, mwenye kaptura ya kazi."

Mama aliishusha mikono. Hapakuwa na macho ya kukutana na macho yake. Alisogea hatua mbili mpaka ukingo wa barabara, kichwa wazi, uso wazi kwa mara ya kwanza tangu Pasaka, na akaitazama ile miguu mirefu yenye vumbi ikibeba nyumba ya mtu mwingine kuvuka kwenda mahali palipokuwa pa Isidore mwenyewe.

"Haitetemeki," alisema.

"Haitetemeki, mama."

Aliendelea kutazama mpaka paa likatua juu ya nguzo mpya za namba kumi na nne. Ndipo akajifunika, taratibu, akaingia ndani kumchotea mama Siti moto.